Akdi saa ngapi? Maneno ya mpiga picha kwa wanaooa na kuolewa

Mie kazi yangu kupiga picha za harusi hapa Unguja, zaidi upande wa kina mama, na watu wakija kuulizia wanauliza bei, wanauliza albamu ina kurasa ngapi, wanauliza droni mnayo, lakini nadra umpate anaeuliza "dada, akdi tuiweke saa ngapi ili picha zitoke vizuri?" Saa ya akdi, yaani kufunga ndoa, ishakatwa zamani na wazee, bi harusi mwenyewe anaijua kwa kusikia, na sie tunakuja kuambiwa wiki ya mwisho pamoja na rangi ya sare. Alafu siku yenyewe watu wanakimbizana, bi harusi kashaloa jasho, mama yake kashagombana na mpambaji, na picha zikitoka si nzuri watu wanasema huyu kameramani hajui kazi. Sasa Shaabani inakaribia, harusi zinapandana, nimeona niyaandike yote pamoja mana nimechoka kuyarudia kwenye voisi za WhatsApp.

Zile ratiba mnazoziona Instagram, za harusi za Ulaya huko, bwana na bibi wanapigwa picha mchana kabla ya sherehe, wameshikana mikono, wameegemeana, sherehe ikianza wao picha washamaliza. Kwetu hilo halipo. Kabla ya akdi huyu si mkeo na yule si mumeo, hapana kushikana wala kuegemeana, kwa hivyo picha zote za wawili zinakuja kurundikana baada ya akdi. Haya hesabu mwenyewe. Alasiri inaadhiniwa kwenye saa 9 na nusu na ushei, watu waswali, khutba ya ndoa isomwe, shekhe akiwa na neno aseme, halua na kahawa vipite, bwana harusi apige picha na kila ami na kila rafiki wa skuli, ndo msafara uondoke, foleni ya Amani pale mnaijua wenyewe, mpaka mufike kwa bi harusi ishakuwa saa 11 na nusu. Na hapo bado kuingia ndani, bwana kumkuta mkewe chumbani. Mwezi wa kumi na moja jua linazama kwenye saa 12 na robo, mwezi wa sita vilevile, mwezi wa pili ndo unapata kama nusu saa ya ziada mana linachwea karibu na saa 1 kasorobo. Na jua la kwetu likishazama halina subira, dakika ishirini tu giza. Unabakiwa na nini? Picha za kwenye gari.

Kwa hivyo siku ya harusi ipangwe kwa kurudi nyuma, uanze na Magharibi. Saa nzima kabla ya jua kuzama iwe ya maharusi wawili tu, kabla ya hapo nusu saa au zaidi ya kuingia ndani na picha za familia, kabla ya hapo safari, kabla ya hapo msikitini, utajikuta akdi inataka kuwa baada ya Adhuhuri. Wazee watasema jua kali, watu watakuja lini, chakula kitaiva saa ngapi, na mie siwalaumu, wana hesabu zao za biriani. Lakini jambo hili lisemwe kwenye kikao, mapema, na aliseme mtu anaesikilizwa, kaka mkubwa au mama mkubwa, sio bi harusi apenyeze siku mbili kabla.

Ikishindikana, au akdi ikiwa baada ya Isha kama wengi wanavopenda skuizi, basi msilazimishe. Picha za wawili zipeni siku yake ndani ya fungate. Mie binafsi hii ndo naipenda kuliko zote na ntawaambia kwa nini. Bi harusi siku ya kwanza kaamka kabla ya Alfajiri, kakalishwa, kapakwa, kavutwa nywele, hajala kitu cha maana mana kila mtu anamwambia utaharibu lipstiki, na anaogopa. Ukimtazama kwenye picha macho yake yanatafuta mama yake. Siku ya tatu ya fungate mtu kashalala, kashakula, kashamzoea mwenzake kidogo, anacheka kweli. Watu wanalalamika meikapu mara mbili gharama, sawa, lakini meikapu ya siku ya pili iwe nyepesi tu, na gauni si lazima lile kubwa. Dirac nzuri, lile gauni pana jepesi la Kisomali, au kanga na shumizi na asumini kichwani, wallahi picha zinakuwa na uzito kushinda hilo gauni la kukodi.

Sasa bahari, mana kila mtu anataka bahari. Watu wanakwenda Paje au Jambiani kutafuta picha za jua linazama, wanafika wanashangaa jua linazama nyuma ya nyumba. Ukanda ule unatazama mashariki jamani, kule ni jua kuchomoza, na nani ataamka siku ya pili ya harusi saa 11 alfajiri. Ukitaka jua linaingia baharini nenda Nungwi au Kendwa, au Mangapwani kama hutaki kwenda mbali, au Michamvi Kae ambako ijapokuwa upo mashariki ya kisiwa ile rasi imejikunja inatazama magharibi. Na katikati ya mwaka kusi linavuma upande wa mashariki shela inapaa mpaka inamfunika bwana harusi, pini zote zinang'oka. Kuna wanaoipenda hiyo shela inayopaa, mie inanichosha.

Alafu maji. Hili mie nashangaa sana, sie watu wa visiwani, babu zetu wavuvi, lakini tunapanga picha za ufukweni bila ya kuuliza maji yakoje, tunafika maji yamekupwa hata hayaonekani, mwani na matope matupu na gauni jeupe lina mkia wa mita mbili. Na hesabu yenyewe nyepesi mana tarehe ya harusi mara nyingi tunaipanga kwa mwezi wa Kiislamu, na bamvua, yale maji makubwa, linakwenda na mwezi huohuo. Mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano maji yanajaa kwenye saa 10 za jioni na ushei, alafu kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Ina maana ukitaka maji yamejaa wakati wa jua kuzama, siku zako ni tarehe pili mpaka nne za mwezi wa Kiislamu, au kumi na sita mpaka kumi na nane. Tarehe tisa mpaka kumi na moja, na ishirini na nne mpaka ishirini na sita, jioni maji yamekupwa. Nungwi na Kendwa haina shida sana mana hapo maji hayendi mbali, lakini ukanda wa mashariki yanakwenda mpaka mwambani huko. Siku moja mbili zinaweza kupishana kidogo, muulize mvuvi yeyote wa hapo atakwambia bila ya kutazama simu.

Mji Mkongwe ni habari nyengine, na mie nausifia kwa jambo moja ambalo watu hawalifikirii: vichochoro. Nyumba ndefu, njia nyembamba, jua haliingii chini, na kuta zile za chokaa zinatawanya mwanga vizuri kabisa, uso unatoka laini bila ya kivuli chini ya macho. Saa 8 mchana ufukweni humpigi mtu picha, kila mtu kafumba macho na gauni jeupe linaungua kwa mwanga halina hata mshono unaoonekana, lakini Kiponda au Hurumzi saa hiyohiyo unafanya kazi yako kwa raha. Tatizo vespa, na watalii wanaosimama kumpiga bi harusi picha bila ya kuomba, kwa hivyo muwe na vijana wawili wa familia mmoja mbele mmoja nyuma. Forodhani msende jioni. Saa hizo kuna moshi wa mishikaki, kuna vijana wa makachu wanajirusha baharini, watu mia nyuma yenu, mtakuwa nyinyi ndo maonyesho. Na Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la zamani pale Forodhani, kwa wenzetu wanaotoka nje wanaotuma picha za zamani wanasema tunataka hapa, sehemu yake iliporomoka mwezi wa kumi na mbili 2020, tafuteni pengine. Milango ya nakshi ipo kila mtaa ila ni ya watu, piga hodi uombe, hamna aliewahi kukataa akisikia harusi. Droni inataka kibali na uwanja wa ndege upo hapo Kisauni, asikudanganye mtu kuwa anarusha tu.

Kuhusu hina, mana mikono inapigwa sana picha. Hina nyekundu ikitolewa siku hiyo inakuwa rangi ya chungwa, inakolea kesho yake na keshokutwa, kwa hivyo ukitaka iive kwenye picha ipakwe siku mbili kabla. Watu wanaipaka mkesha wa harusi usiku wa manane huku ngoma inaenda alafu wanalaumu mpakaji. Piko, ile hina nyeusi, linatoka jeusi hapohapo ila lile linachanganywa na dawa ya nywele na kuna ngozi linaibabua mpaka malengelenge, mjaribu kidogo mkononi wiki kabla, sio siku ile. Meikapu sitasema mengi mana wapambaji watanigombeza, nnaloomba mie ni shingo na mikono ifanane na uso, na ile poda nyeupe ya kumalizia chini ya macho isizidi, kwa macho haionekani lakini fulesh ikipiga inatoka nyeupe kama unga. Mwambieni mpambaji akupigeni picha moja ya fulesh kwa simu kabla hajafunga mkoba wake, mtaona.

Na mpambaji amalize masaa mawili kabla ya picha kuanza. Sio lisaa limoja. Kila mpambaji namjua mie anasema saa 8 anamaliza saa 9 na nusu.

Kuingia ndani ndo pahala penye picha kubwa kuliko zote na ndo pahala panapoharibika kuliko pote. Chumba cha kawaida cha nyumba ya Mwanakwerekwe au Magomeni, kitanda kimetandikwa shuka mpya, kabati la vioo, feni inazunguka. Mlangoni kina mama wameziba wanataka kifungua mlango, bwana harusi anatoa noti wanasema haitoshi, anatoa nyengine, vigelegele, anaingia. Anaweka mkono kwenye kipaji cha uso cha mkewe, anamsomea dua, anampa kipa mkono, yaani zawadi yake, anamfunua shela. Yote hayafiki dakika tano na hayarudiwi, yaani hata ukirudia kwa kuigiza uso ule wa mara ya kwanza hauupati tena. Na kwenye dakika hizo mbele ya lensi kuna mikono kumi imeshika simu, kabati la vioo linarudisha fulesh, na kuna mtu kasimama juu ya kitanda. Juu ya kitanda, wallahi.

Mimi naomba hivi. Mpiga picha aingie chumbani mwanzo kabla mlango haujafungwa, akae upande wa kichwani kwa kitanda ambapo uso wa bi harusi unaonekana pale shela inapofunuliwa, mpiga mkanda wa video akae upande wa pili, tusionane kwenye kazi zetu. Kioo cha kabati kitupiwe kanga. Pazia la dirishani lifunguliwe lile zito libaki lile jepesi, na taa za rangi zile za kamba zizimwe. Chetezo kiwekwe upande wa dirisha nyuma ya maharusi, mana moshi wa udi hauonekani kwenye picha mpaka mwanga uupige kwa nyuma, ukiwekwa mbele unakuwa ukungu tu na mtu anakohoa. Ndani wabaki mama wawili, bibi, na somo, yule mama aliemfunda bi harusi. Mlangoni asimame mtu mmoja ambae hana haya ya kuwarudisha watu. Somo mwenyewe mara nyingi anaifanya vizuri kazi hii mana yule hata mama mkwe anamuogopa.

Upande wa msikitini sie kina mama hatuendi, mnahitaji kijana wenu, na huyo kijana aende akaonane na imamu mapema, siku ya kabla kama inawezekana. Misikiti haifanani. Kuna unaoruhusu yote, kuna unaosema kamera moja na bila ya fulesh, kuna usiotaka kabisa mkanda. Picha ya msikitini ni moja: ule mkono wa walii, yule anaemuozesha bi harusi, na mkono wa bwana harusi pale anaposema nimekubali. Akae nyuma ya bega la walii. Nyengine zote ni za watu kula halua.

Sasa simu. Nshaona bi harusi kashawekwa stetas na watu kabla mumewe hajamuona, bwana harusi yupo msikitini hajakubali bado, simu ya rafiki yake pembeni inaonyesha mkewe na meikapu yote. Huu si utani, hii imeleta ugomvi nyumba za watu. Shughuli ya kina mama ukumbini watu wamevua mabuibui, wamesuka, wamevaa magauni ya wazi wakijua humu wanawake watupu, alafu mtu kaenda laivu. Familia nyengine zinakusanya simu mlangoni kwa kikapu na namba, nyengine zinatangaza tu kwenye spika. Mie nawaunga mkono wa kikapu. Na hata picha zinatoka vizuri zaidi mana watu wanacheza kweli, wanatunza kweli, mikono ipo juu kwa vigelegele sio kwa kurekodi.

Lakini kuna jambo hapa watu hawaliulizi kabisa. Mnatafuta mpiga picha mwanamke, vizuri, mnamlipa, anaingia ukumbini na kina mama, kila kitu stara. Alafu ile memori kadi inakwenda studio, na studio anaeediti ni kijana wa kiume, na wenzake wanne wamekaa nyuma yake wanakula urojo. Muulizeni mpiga picha wenu kwa uwazi: nani ataziona hizi, nani ataziediti, zinakaa kwenye kompyuta ya nani, na baada ya kutukabidhi mnazifuta baada ya muda gani. Muulize pia kama anaposti kwenye kurasa yake kujitangaza, na kama hutaki andikeni kwenye karatasi, mkono wako na mkono wake. Mpiga picha mzuri haudhiki na maswali haya. Anaeudhika mwacheni.

Taa za ukumbi, kwa ufupi. Wapambaji wa steji skuizi wana mapenzi na taa za zambarau na buluu, ukumbini zinapendeza, kwenye picha bi harusi anakuwa kama kaumwa. Ongeeni na mtu wa taa awashe nyeupe dakika kumi anapoingia bi harusi na dakika kumi za picha za familia pale juu, baada ya hapo afanye disko lake. Na jenereta iwepo, yenye mafuta, na mtu wa kuiwasha awe anajulikana jina, mana umeme ukikatika ndo unasikia "ufunguo kwa nani?"

Picha za familia zinakula muda kuliko kitu chochote na mara zote kwa sababu hiihii moja: mtu hayupo. Kaenda kutazama wali, kaenda kuswali, kaenda kumchukua mtoto. Kaeni na mama zenu wote wawili muandike majina, makundi kumi basi, sio arubaini, na mumpe karatasi shangazi mmoja mwenye sauti ambae anawajua watu wa pande zote mbili. Mpiga picha hawezi kuita "watu wa Pemba njooni," hawajui. Shangazi anaita, mpiga picha anapiga, shangazi anakata jina. Waanze wazee, bibi zetu hawa waliopanda boti kutoka Wete wamechoka, na wengine miguu inauma, wapewe viti, wapigwe wamekaa, waachiwe waende kula. Watoto nao mwanzo kabla hawajajimwagia juisi. Marafiki mwisho, marafiki hawachoki.

Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, na vuli mwisho wa mwaka, muwe na pahala pa pili penye paa mlipokwisha kupaona kwa macho. Baraza pana ya nyumba ya mtu, ukumbi wa hoteli wenye madirisha makubwa. Mvua ya kwetu haiombi ruhusa ila nayo inapita, na mawingu baada ya mvua yana mwanga mzuri sana, msikimbilie kurudi nyumbani.

Pesa ya advansi toeni na mupewe risiti yenye tarehe, saa, na majina ya watakaokuja kupiga, mana kuna tabia ya kuonyeshwa picha za mtu mmoja na siku ya harusi anakuja mwengine. Picha mkikabidhiwa ziwekeni pahala pawili, na chagueni nyinyi wawili kwanza kabla ya kuzirusha kwenye grupu la familia, kwa sababu zikishafika huko kila mtu ana yake na mama mkwe anataka ile ambayo yeye kapendeza na wewe umefumba macho. Za albamu msizidishe. Na chapisheni moja kubwa ya bibi, ya karatasi, muipeleke kwake kwa mkono, yeye hana habari na linki.

Anaetaka tarehe za Shaabani aseme mapema, na akija aje na saa ya akdi.